Kichwa Kisipotulia, Picha ya Ubongo Hudanganya

Msomaji, huenda siku moja daktari akakuandikia barua ya kwenda kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya MRI. Pengine ni kwa sababu ya maumivu ya kichwa yasiyosikia dawa, pengine mtoto wako ana kifafa, au mzee wa nyumbani amepatwa na kiharusi. Utajaza fomu, utavua saa na pete, utalazwa juu ya kitanda chembamba, na kabla ya kitanda hicho kuingizwa ndani ya mashine mhudumu atakupa agizo moja ambalo atalirudia zaidi ya mengine yote: usisogeze kichwa.

Wengi wetu hulichukulia agizo hilo kama lile la mpiga picha za kitambulisho. Tunajua kwamba ukitikisika picha itatoka na ukungu, na ikitoka na ukungu itapigwa nyingine. Hilo ni kweli kwa picha za kawaida za MRI. Lakini kuna aina nyingine ya picha za ubongo, zinazopigwa mtu akiwa ametulia tu bila kufanya kazi yoyote, ambazo kichwa kikisogea hazitoki na ukungu. Hutoka safi, za kupendeza macho, na za uongo. Makala ya juma hili yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, jinsi wataalamu wanavyojaribu kulirekebisha, na kwa nini linakuhusu wewe na mwanao.

MRI ni kitu gani?

MRI ni mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku na mawimbi ya redio. Haitumii miale kama ile ya eksirei. Nguvu za sumaku hupimwa kwa kipimo kiitwacho Tesla, na mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya Tesla 1.5 au 3. Sumaku ya Tesla 1.5 ina nguvu zaidi ya mara 20,000 kuliko sumaku ya dunia inayouelekeza mshale wa dira. Ndiyo sababu mtu haruhusiwi kuingia chumba hicho akiwa na funguo, sarafu au simu mfukoni.

Mwili wa binadamu umejaa maji, na katika kila tone la maji mna viini vya haidrojeni. Sumaku huvipanga viini hivyo, mawimbi ya redio huvisukuma, na vinaporudi mahali pake hutoa ishara hafifu. Kompyuta huzikusanya ishara hizo na kuzigeuza kuwa picha. Kwa kawaida uchunguzi mzima wa ubongo huchukua kati ya dakika 20 na 45, na hugawanywa katika vipindi vya dakika chache chache. Kila kipindi kina kelele zake, kama za nyundo, na katika kila kipindi kichwa kinatakiwa kibaki pale pale.

Mwaka 1990 mtaalamu wa Kijapani, Seiji Ogawa, pamoja na wenzake walionyesha kwamba mashine hii inaweza kufanya zaidi ya kuonyesha umbo la ubongo. Inaweza pia kuonyesha kazi yake. Damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa na oksijeni hutofautiana kidogo mbele ya sumaku. Sehemu ya ubongo ikianza kufanya kazi, damu yenye oksijeni humiminika hapo, na ishara hupanda kidogo. Neno "kidogo" litiliwe mkazo, kwani badiliko lenyewe mara nyingi ni asilimia 1 tu au hata chini ya hapo.

Ubongo uliotulia haulali

Kwa miaka ya mwanzo watafiti walikuwa wakimpa mtu kazi ya kufanya ndani ya mashine, kama vile kucheza na vidole au kutazama picha, kisha wakaangalia ni sehemu gani ya ubongo iliyoamka. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake, waliokuwa Milwaukee nchini Marekani, waligundua jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Hata mtu asipofanya lolote, sehemu ya kushoto ya ubongo inayoongoza mkono mmoja na sehemu ya kulia inayoongoza mkono wa pili hupanda na kushuka pamoja. Mawimbi hayo ni ya polepole sana, hata wimbi moja likachukua zaidi ya sekunde 10.

Tangu hapo wataalamu waliendelea kugundua makundi ya sehemu za ubongo ambazo hupanda na kushuka kwa pamoja mtu akiwa amejilaza tu. Hili halipaswi kutushangaza. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili uliopumzika. Mtu akitulia, ubongo wake unaendelea na shughuli zake.

Kipimo hiki kilipendwa haraka. Mgonjwa hahitaji kufundishwa mchezo wowote wala kujibu maswali. Mtoto mdogo, mzee aliyepoteza kumbukumbu, hata asiyeweza kusema, wote wanaweza kupimwa. Kwa dakika 5 hadi 10 mashine hupiga picha ya ubongo mzima, mara nyingi moja kila sekunde 2. Katika dakika 10 hupatikana picha 300. Kisha kompyuta hutafuta sehemu zinazopanda na kushuka pamoja, na mtafiti husema kwamba sehemu hizo "zinawasiliana".

Hapo ndipo kichwa kinapoingia na ujanja wake.

Abiria wa matatu moja

Fikiria matatu iliyojaa abiria ikitoka Thika kwenda Ruiru. Wewe umesimama juu ya daraja la waendao kwa miguu, mbali kiasi cha kutosikia lolote, na unawaona abiria kupitia madirishani. Unataka kujua ni akina nani wanaozungumza. Kwa kuwa huwasikii, unaangalia vichwa tu: wawili wakitikisa vichwa kwa wakati mmoja, unaandika katika daftari lako kwamba hao wanaafikiana.

Sasa matatu inapita juu ya tuta. Abiria wote wanaruka kwa pamoja. Wale wa kiti cha nyuma wanarushwa juu zaidi, na wanarushwa kwa namna moja kwa sababu wamekaa pamoja. Wale wa mbele wanarushwa kidogo, na kwa wakati tofauti. Ukilifuata daftari lako utasema kwamba waliokaa karibu karibu wana mazungumzo moto moto, na kwamba wa mbele na wa nyuma hawajuani. Kumbe hakuna aliyefungua mdomo. Ni tuta tu.

Kichwa kikisogea ndani ya mashine, hali huwa hiyo hiyo. Sehemu zote za ubongo zilizo jirani hubadilika kwa pamoja kwa kuwa zimesukumwa pamoja, na sehemu zilizo mbalimbali hubadilika kwa namna tofauti. Kompyuta, ambayo haijui lolote kuhusu matuta, huandika kwamba mawasiliano ya karibu ni yenye nguvu na ya mbali ni dhaifu. Na kwa kuwa ishara halisi ya ubongo ni hiyo asilimia 1 tuliyoitaja, hahitajiki mtu kugeuza shingo ili kuifunika. Msogeo wa sehemu ya kumi ya milimita, mdogo kuliko unene wa ukucha, unatosha kuacha alama.

Makosa yaliyofichuliwa mwaka 2012

Watu wa fani hii walijua tangu zamani kwamba kichwa kikisogea kuna tabu, na walikuwa na njia zao za kusahihisha. Walidhani njia hizo zinatosha. Mwaka 2012 makundi matatu ya watafiti wa Marekani yalitoa taarifa karibu wakati mmoja kuonyesha kwamba hazikutosha. Moja liliongozwa na Jonathan Power wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, jingine na Koene Van Dijk akishirikiana na Randy Buckner wa Harvard, na la tatu na Theodore Satterthwaite wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kundi la Van Dijk lilitumia picha za vijana 1,000 wenye afya njema, na hata miongoni mwa hao, waliosogea zaidi walionekana kuwa na ubongo uliounganishwa tofauti na wa wale waliotulia.

Uzito wa taarifa hizo ulitokana na swali moja: ni akina nani husogea zaidi ndani ya mashine? Ni watoto kuliko watu wazima. Ni wazee kuliko vijana. Ni watoto wenye usonji, au wenye tatizo la kutotulia na kukosa makini, kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, makundi yale yale ambayo watafiti hupenda kuyalinganisha ndiyo yanayotofautiana kwa msogeo wa kichwa.

Miaka iliyotangulia ilikuwa imetangazwa kwamba mtoto anapokua, mawasiliano ya karibu ndani ya ubongo wake hupungua na yale ya mbali huongezeka. Ilikuwa hadithi nzuri, na iliingia hata vitabuni. Vilevile wapo waliosema kwamba usonji ni ugonjwa wa mawasiliano ya mbali yaliyo dhaifu na ya karibu yaliyozidi kiasi. Sasa, msomaji, rudi kwenye matatu yetu uangalie tuta lilivyokuwa likisema. Linasema maneno hayo hayo.

Kundi la St. Louis lilipoziondoa picha zilizopigwa wakati kichwa kikisogea, sehemu ya tofauti kati ya watoto na watu wazima ilipungua. La kusifiwa ni kwamba maabara hiyo ndiyo iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kuitangaza hadithi ile ya ukuaji. Waliyapima upya yao wenyewe na kuwaambia wenzao waziwazi. Haina maana kwamba ubongo wa mtoto haubadiliki anapokua, la hasha. Maana yake ni kwamba baadhi ya yale yaliyodhaniwa kuwa ubongo yalikuwa ni shingo.

Kwa nini kichwa hakirudishwi tu mahali pake?

Pengine utauliza: kama kompyuta inaona kwamba kichwa kimesogea, kwa nini isikirudishe pale kilipokuwa? Kwa kweli hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na hufanywa kila mara. Kichwa ni kigumu, hakikunjiki, kwa hiyo msogeo wake wote unaweza kuelezwa kwa namba 6. Tatu ni za kuteleza: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Tatu nyingine ni za kugeuka: kama anayesema ndiyo, kama anayesema la, na kama anayeinamisha sikio begani. Kompyuta huzitafuta namba hizo kwa kila picha, kisha huzipanga picha zote 300 zilingane. Usidharau kugeuka. Ukigeuza kichwa digrii 1 tu, sehemu iliyo sentimita 5 kutoka kitovu cha mzunguko husogea karibu milimita 0.9.

Lakini kurudisha picha mahali pake hakurudishi mwanga wake. Mashine haipigi ubongo wote kwa pigo moja. Huukata kwa vipande, mmoja baada ya mwingine, kama mkate wa dukani, na kila kipande hungojea zamu yake. Kichwa kikisogea katikati ya kazi, sehemu fulani hupigwa mara mbili kabla haijapumzika, na nyingine hurukwa zamu. Iliyopigwa mapema mno hufifia, iliyorukwa hung'aa kupita kiasi. Hata ukizirudisha zote mahali pake, moja imefifia na nyingine imeng'aa, wala si kwa sababu ya kazi ya ubongo. Aidha, kichwa chenyewe huipinda kidogo sumaku inayokizunguka, na kikigeuka, namna ya kuipinda hubadilika.

Hata kupumua kuna athari. Kifua kinapopanda na kushuka huigusa sumaku kwa mbali, na picha huonekana kama zinazocheza ingawa kichwa hakijasogea. Mtu akivuta pumzi ndefu au akipiga miayo, kiasi cha hewa chafu katika damu hubadilika, na mishipa ya ubongo mzima hupanuka au kusinyaa. Ishara hupanda na kushuka kila mahali, na kompyuta hudhani ubongo wote unazungumza kwa sauti moja.

Picha husafishwaje?

Baada ya kuzipanga picha, wataalamu hufuata hatua kadhaa. Ya kwanza ni kuzitumia zile namba 6 kama shahidi. Ikiwa ishara ya sehemu fulani inapanda na kushuka sawasawa na msogeo wa kichwa, kompyuta huitoa sehemu hiyo ya ishara na kuacha iliyobaki. Mwaka 1996 Karl Friston na wenzake wa London walipendekeza namba hizo ziongezwe hadi 24, kwa sababu msogeo wa sasa na ule wa picha iliyotangulia yote huacha alama.

Ya pili ni kutupa. Kwa kila picha kompyuta hujumlisha kichwa kimesogea kiasi gani tangu picha iliyotangulia. Jumla ikizidi kiwango kilichowekwa, picha hiyo huondolewa. Kundi la Power lilianza na kiwango cha milimita 0.5, na baadaye watafiti wengi wakashuka hadi 0.2. Chukua mfano wa mtoto aliyepigwa picha 300. Tuseme picha 120 zimezidi kiwango. Zinabaki 180, yaani dakika 6. Watafiti wengi hutaka zibaki angalau dakika 5, kwa hiyo huyu amepona. Lakini angetikisika kidogo zaidi, kazi yote ingepotea.

Ya tatu ni kuitenganisha ishara yote katika mafungu, kama mama anayepepeta mchele. Mafungu yenye sura ya msogeo, kwa mfano yale yanayong'aa kwenye ukingo wa ubongo mahali ambapo hapakupaswa kung'aa, huondolewa. Programu inayofanya kazi hiyo yenyewe bila kusaidiwa na mtu ilitolewa mwaka 2015.

Ya nne ina ubishi hadi leo. Wengine huchukua wastani wa ishara ya ubongo mzima na kuutoa katika kila sehemu. Kwa hakika njia hii hufuta athari nyingi za kupumua na za kusogea. Lakini wapinzani wanasema kwamba ukiondoa wastani, lazima baadhi ya sehemu zionekane zikishuka wakati nyingine zinapanda, hata kama kwa kweli hazikufanya hivyo. Kila upande una hoja zake, na mtafiti mwaminifu hueleza amefuata njia ipi.

Inafaa ikumbukwe kwamba njia hizi zimelinganishwa mara nyingi, na hakuna hata moja inayoufuta msogeo wote bila kugusa ishara halali. Ukizidisha kufua nguo, rangi nayo hutoka.

Wanaotupwa ni akina nani?

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana. Ukiweka sheria kwamba aliyesogea kupita kiasi aondolewe, watakaoondolewa hawatakuwa mchanganyiko wa watu wote. Wataondolewa watoto wadogo zaidi, wenye usonji mkali zaidi, wasioweza kutulia, na wazee wanaotetemeka. Watakaobaki ni wale walioathirika kidogo. Kisha taarifa itaandikwa kana kwamba inawahusu wote.

Kwa hiyo mzazi ukisikia redioni kwamba "uchunguzi wa ubongo wa watoto wenye usonji umegundua jambo fulani", una haki ya kuuliza mambo mawili. Je, watoto wale na wenzao waliolinganishwa nao walisogea kwa kiasi kimoja? Na je, ni wangapi walioachwa nje?

Hapa kwetu

Wakazi wa Theta, Juja, Ruiru na Thika leo hawana haja ya kwenda mbali sana kutafuta MRI. Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyoko Kahawa, ambayo ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka 2019, iko kwenye njia yao ya kwenda Nairobi. Zipo pia hospitali za binafsi jijini zenye mashine hizo.

Hata hivyo, picha atakayopigwa mgonjwa wa kawaida ni za umbo la ubongo. Zinaweza kuonyesha uvimbe, kiharusi, maji yaliyojaa kichwani au kovu linaloleta kifafa. Picha za ubongo uliotulia tulizozieleza ni, kwa sehemu kubwa, chombo cha utafiti. Katika hospitali chache kubwa za ng'ambo hutumiwa kuwasaidia madaktari wa upasuaji kujua sehemu za lugha na za viungo kabla ya kukata. Kwa mtu mmoja mmoja, hazitumiki kutambua usonji, huzuni ya maradhi wala kiwango cha akili. Usonji hutambuliwa na wataalamu kwa kumwangalia mtoto, kumpima, na kuwasikiliza wazazi wake. MRI ikiagizwa kwa mtoto kama huyo, kwa kawaida ni kuchunguza kama kuna jambo jingine.

Majirani zetu wa Uganda nao wanatafuta njia yao. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, wataalamu wa hapo wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha wenyewe mashine ya MRI yenye sumaku ndogo, chini ya Tesla 0.1, na taarifa yake ya kitaalamu ikachapishwa mwaka 2023. Shabaha yake ni watoto wenye maji kichwani. Mashine kama hiyo haiwezi kupima mazungumzo ya ubongo uliotulia, lakini sharti la kutulia ni lile lile, maana ishara yake ni hafifu na hukusanywa polepole.

Kinga ni bora kuliko tiba

Msemo huo wa wahenga unafaa hapa kuliko mahali pengi. Kompyuta zote tulizozitaja hufanya kazi ya kutibu, na tiba yake haikamiliki. Kinga imo mikononi mwa mgonjwa na wahudumu. Kwa picha ya kawaida kinga hiyo hukuokoa kurudiwa, kupoteza nauli na kutwa nzima. Kwa picha ya utafiti huuokoa ukweli wenyewe. Zingatia yafuatayo:

Kwanza, nenda haja ndogo kabla ya kuingia. Dakika 40 ni nyingi kwa aliyebanwa, na anayebanwa hatulii.

Pili, mweleze mhudumu kuhusu chuma chochote kilichomo mwilini mwako: kifaa cha kuendesha moyo, vyuma vya mfupa, kipande cha risasi, au chembe ya chuma iliyowahi kuingia jichoni ukichomelea vyuma. Hili ni la usalama wa maisha, si la ubora wa picha tu.

Tatu, angalia nywele. Toa pini zote. Msuko mkubwa uliofungwa kisogoni, au wigi, huinua kichwa kisikae sawa ndani ya kizimba cha plastiki kinachozunguka uso, na kichwa kisichokaa sawa huteleza. Ikiwezekana suka nywele zilale chini siku hiyo, na uulize mapema kama nywele za kubandika zina nyuzi za chuma.

Nne, omba vizibo vya masikio na mito ya pembeni mwa kichwa kama hukupewa. Ukihisi mgongo unauma kabla ya kuanza, sema. Mto chini ya magoti huupumzisha mgongo, na mgongo ukipumzika kichwa nacho hutulia.

Tano, ukitaka kumeza mate, kukohoa au kujikuna, ngoja kelele zinyamaze. Kati ya kipindi na kipindi kuna nafasi. Lakini nafasi hiyo si ya kujigeuza, kwani kipindi kinachofuata hufuata vipimo vya kile cha mwanzo.

Sita, kama unaogopa mahali pembamba, sema mapema. Utapewa kidude cha kubinya mkononi ili umwite mhudumu. Kujua kwamba unaweza kutoka wakati wowote huwatuliza wengi.

Kuhusu watoto, siku kadhaa kabla ya safari cheza naye mchezo wa sanamu: nani atakaa bila kutikisika mpaka wimbo uishe? Mlaze chini ya meza au ndani ya boksi kubwa la katoni, na ugonge sufuria ili azoee kelele. Vituo vikubwa vya utafiti vina mashine za bandia kwa kazi hiyo hiyo. Mtoto mchanga akinyonyeshwa akashiba na kufungwa vizuri kwa shuka, mara nyingi hulala uchunguzi wote. Wengine hulazimika kupewa dawa ya usingizi. Dawa hiyo hutolewa na mtaalamu, mtoto huwa hajala kwa saa kadhaa, na huangaliwa mpaka aamke. Kwa picha za umbo la ubongo inafaa. Kwa picha za ubongo uliotulia hubadilisha kile kile kinachopimwa, kwa kuwa ubongo uliopewa dawa hautulii kama ulio macho.

Ziko njia rahisi ambazo hata kituo kisicho na fedha nyingi kinaweza kuzitumia. Moja ni ukanda wa plasta ya hospitali unaopitishwa juu ya paji la uso na kubandikwa pande mbili za kizimba. Haumfungi mtu. Unamkumbusha tu, kwani akisogea kidogo huhisi ngozi ikivutwa, na hurudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba njia hiyo hupunguza kusogea. Nyingine ni kuonyesha filamu tulivu ya maumbo yanayoelea polepole, ambayo huwasaidia watoto kutulia. Na tangu mwaka 2017 ipo programu inayomwonyesha mhudumu, picha hadi picha, kichwa kimesogea kiasi gani, ili ajue kama dakika njema zinatosha au aongeze.

Mwisho, msomaji, ukishatoka ndani ya mashine muulize mhudumu swali moja: "Je, nilitulia?" Kama hukutulia, ni afadhali kipindi kimoja kirudiwe ukiwa bado pale kuliko kuitwa tena wiki ijayo. Na kama wewe au mwanao mmeombwa kushiriki katika utafiti wa ubongo, ongeza la pili: "Na waliosogea, mtawafanyaje?" Mtafiti anayeijua kazi yake hatakasirika. Atalifurahia swali hilo, kwa sababu ndilo analojiuliza mwenyewe kila anapowasha kompyuta.